Kidude Kwenye Pindo la Kitenge Changu

"Mabenchi yangu hayatoki hapa," nilimwambia Specioza, nimesimama mlangoni mwa banda langu, mikono kiunoni. "Hata mguu mmoja wa benchi hautoki."

"Mama Queen, ni mabenchi manne tu. Jioni yatakuwa yamerudi."

"Na makalio ya watu wako yakiyavunja?"

"Makalio ya watu wangu," alisema taratibu, kile Kiswahili chake cha darasani, "si ni yaleyale yaliyokuwa yanakalia kwako?"

Wanawake waliokuwa wanasubiri maji bombani wakaangua kicheko. Aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ni Bernadeta, muuza dagaa, rafiki yangu tangu tunavaa sare za shule ya msingi. Nilimwangalia. Akajifanya anakohoa.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilivyofika hapa. Asiyejua nampa kwa ufupi, aingie na wenzake. Marehemu mume wangu, Chenge, aliniachia vitu vitatu: binti yetu Queen, banda la video hapa Nyakato, na projekta moja yenye umri wa Queen. Banda lilikuwa linajaa hadi watu wanakaa kwenye ndoo. Halafu upepo wa ziwani ukaondoka na bati sita. Tangu siku hiyo jua linaingia ndani kama mteja asiyelipa, na mchana picha ukutani inafifia hadi huoni nani kampiga nani.

Hapo ndipo Specioza akahamia nyumba ya pili kutoka kwangu. Mhaya, mwalimu, mrefu, hana mume, ana sebule kubwa na projekta yake mwenyewe. Televisheni hana. Ana ukuta. Akaanza kuonyesha Jumapili mchana, bure, na juisi juu. Watu wangu wakahama mmoja mmoja, halafu kwa mafungu.

Watu ningewasamehe. Lakini wiki iliyopita niliwaambia nilichokiona nilipopita dirishani kwake: Yakobo wangu, fundi Yakobo, kapiga magoti nyuma ya meza ya Specioza, waya mdomoni, na Specioza kakaa kitini, kamwinamia anamshikia tochi.

Saa nane mchana. Tochi ya nini?

* * *

Leo nakiri jambo ambalo hata padri sijamwambia.

Yakobo ni fundi wa kuunganisha. Deki ya kuchezea diski kwenye projekta, laptop kwenye projekta, spika kanisani, kipaza sauti msibani. Kwa miaka mitatu tangu Chenge afariki, kila Jumamosi nilikuwa nampigia simu. Yakobo, picha imekataa. Yakobo, ukuta umekuwa bluu mtupu. Naye anakuja na pikipiki yake kutoka Igoma, begi mgongoni, anainama, anagusa hapa, anabonyeza pale, ukuta unawaka. "Tayari, Mama Queen." Mimi tayari nimekaanga sato, ugali unafuka moshi. Anakula. Anamuuliza Queen habari za shule. Anaondoka.

Sasa sikilizeni. Picha haikuwahi kukataa.

Nilikuwa nachukua rimoti ya projekta, naiambia isome tundu lingine ambalo halina waya. Basi, ukuta bluu. Siku nyingine nilichomoa waya wa njano kidogo tu, ushikilie bila kushika. Chenge alinifundisha kuunganisha Queen akiwa bado mchanga. Njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Naweza kuifanya kazi hiyo nimefumba macho, na mtoto mgongoni.

Lakini mjane hawezi kumpigia mwanaume simu kumwambia njoo ule. Mtaa mzima utajua kabla ugali haujaiva. Fundi unamwita, hakuna anayeuliza.

Na Yakobo hajawahi kusema neno. Miaka mitatu ya sato, neno hakuna. Mimi nikawa najiambia mwanaume wa Kisukuma haharakishwi.

Sasa rudini kwenye ile siku ya dirishani. Nilipoona ukuta wa Specioza ni bluu, nikatafuta rimoti ilipo. Niliiona. Ameikalia. Nusu inachungulia chini ya paja lake, ncha yake nyeusi kama mjusi. Mwanamke aliyesoma ualimu pale Butimba, anayefundisha watoto wa watu kompyuta, ati hajui kuchomeka waya.

Niliujua ule mchezo kama mtu anavyoijua nguo yake ikianikwa kwenye kamba ya jirani.

Jumanne nikapiga simu. Nikamwambia Yakobo deki imekufa kabisa, haiwaki hata taa. Nilidhani kwa kifo cha deki atakuja. Akasema pole sana Mama Queen, wiki hii nimebanwa, na deki yenyewe ilishazeeka. Nikazika simu chini ya mto.

* * *

Ijumaa Bernadeta akaniletea habari, na dagaa juu yake. Alisema Jumapili mama yake Yakobo anavuka kutoka Sengerema. Binti yake, Hellen, aliolewa Mbeya mwaka jana, na mama hakwenda, alikuwa amelazwa kwa ajili ya macho. Jicho moja limekwisha, la pili linafunga. Picha za simu hazioni. Kwenye kioo cha laptop anaona ukungu. Diski ya harusi imekaa kabatini miezi minane. Yakobo ameamua mama aione harusi ukutani, binti akiwa mkubwa kama nyumba.

"Ukutani kwa nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mbona unajiumiza," akasema Bernadeta.

"Bati zangu zingekuwepo angeletwa kwangu."

"Zingekuwepo," akakubali, akaanza kunipimia dagaa bila kuniangalia. "Ila Mama Queen, mwanaume hamvushi mama yake ziwa aje kuangalia ukuta tu. Mama anakuja kuona mke."

Nikamwambia dagaa zake zina mchanga.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, Specioza alipokuja kuomba mabenchi, mjue moyo wangu ulikuwa umekaaje. Nilikataa mara tatu mbele ya watu. Mara ya nne nikafikiri: benchi likiingia, mwenye benchi anaingia.

"Chukua," nikasema. "Lakini nayaleta mwenyewe. Siamini mikono ya watu."

* * *

Sebuleni kwa Specioza madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi na maboksi ya sabuni. Ukuta mweupe, hauna hata msumari. Jikoni ndizi zinachemka, harufu tamu mpaka nikakasirika. Kaweka vitambaa kwenye viti. Kafagia hadi uwanja. Mtu haweki vitambaa kwa ajili ya diski.

Bernadeta alikuwa ameshakaa, kiti cha kwanza karibu na meza, kikapu miguuni. Yeye hakosi. Kukiwa na msiba, harusi au ugomvi, yupo kabla ya mwenye shughuli.

Juu ya meza kulikuwa na projekta, laptop, nyaya, na kidude kimoja cheusi, ukubwa wa kiberiti, chenye kimkia. Mafundi wanakiita konveta. Laptop ya Specioza ni mpya, ina tundu la kisasa. Projekta yake aliinunua mkononi kwa mtu, ya zamani, ina matundu ya kizamani. Hivyo viwili haviongei. Konveta ndiyo mkalimani wao. Ikikosekana, laptop inasema mambo yake, projekta inakodoa macho.

Specioza akaenda jikoni kugeuza ndizi. Bernadeta akainama kufunga kiatu.

Mkono ulitangulia, akili ikafuata. Nilipokuja kujielewa, kile kidude kilikuwa ndani ya pindo la kitenge changu, nimelifunga fundo kiunoni, na ninapanga benchi la nne kana kwamba nimelipwa.

Sikuwa nimepanga kukiiba. Niandikieni hivyo. Nilitaka ukuta wa Specioza ukatae mara moja tu, kweli kweli, mbele ya mama mkwe.

* * *

Yakobo aliingia amemshika mama yake kiwiko. Mama mdogo, mkavu, kilemba cheupe, jicho la kushoto lina utandu kama maziwa. Mkononi ana mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka nyumbani. Anaitwa Mama Kashindye. Watu wakasimama kumwamkia, na yeye akawa anashika kila mkono kwa muda mrefu, anaupapasa, ndivyo anavyomjua mtu.

Zamu yangu ikafika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani?"

"Modesta. Jirani."

"Jirani," akarudia, kama anayetafuna kitu akitafuta mfupa. Kidole gumba chake kikapita juu ya kovu langu la mafuta ya kukaangia. "Unakaanga samaki."

"Ndiyo, mama."

Akaniachia. Yakobo alikuwa anaangalia pengine.

Sebule ikajaa. Nasema ukweli wangu, hata kwenye wivu napenda nyumba iliyojaa. Watu mpaka mlangoni, watoto chini kwenye mkeka, minong'ono, vicheko. Mama Kashindye akakalishwa mbele kabisa, hatua mbili kutoka ukutani. Nikaona kama wamekaa kwangu, halafu nikakumbuka si kwangu.

Yakobo akainama mezani. Akashika waya huu, akashika ule. Akainua laptop, akaangalia chini yake. Akamuuliza Specioza kitu kwa sauti ya chini.

"Kilikuwa hapa hapa," Specioza akasema. "Nimekiweka mwenyewe asubuhi."

Wakatafuta. Watoto wakainuliwa mkekani. Vitambaa vikakung'utwa. Mtu akaangalia hadi kwenye sufuria ya ndizi. Na mimi nikatafuta. Nilipiga magoti nikapapasa chini ya kabati, na kile kidude kinanichoma tumboni kila ninapoinama.

Maduka ya mjini Jumapili yamefungwa. Yakobo akapiga simu tatu kwa mafundi wenzake. Mmoja yuko Magu, wa pili hapokei, wa tatu anayo lakini yuko harusini Misungwi. Na mama lazima awahi kivuko cha jioni pale Kamanga, kesho asubuhi anatakiwa hospitali kwao.

Ndipo macho ya Specioza yakatua kwenye kikapu cha Bernadeta.

"Dada Bernadeta, waitu, usinielewe vibaya," akasema, na hiyo waitu ya Kihaya ya kubembeleza, kwa upole wote wa duniani. "Hebu angalia humo. Labda kimedondokea bahati mbaya."

Vichwa vyote vikageukia kikapu.

Bernadeta aliinama. Alikichukua kikapu, akakigeuza juu ya mkeka mbele ya watu wote. Rozari. Funguo. Kipande cha sabuni. Leso. Ndizi mbivu mbili ambazo kila mtu alijua zimetoka jikoni kwa Specioza. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi la mgongo.

"Umeona?" Bernadeta akauliza.

"Nimesema labda."

Bernadeta akaniangalia mimi. Alikuwa ananisubiri. Miaka thelathini, nikitukanwa mimi yeye ndiye anayejibu. Alisubiri niseme, huyu namjua, huyu hawezi kuchukua cha mtu.

Mimi nikaangalia ukuta.

Akarudisha vitu vyake kikapuni kimoja kimoja. Ndizi akaziacha. Akatoka, hajaaga, na watu wakampisha kama anayepita na maji ya moto.

Nilinyamaza, ndugu zangu. Andikeni na hilo.

* * *

"Basi, Yakobo," Mama Kashindye akasema. "Usihangaike, mwanangu. Nitamwona siku nyingine, Mungu akipenda."

Yakobo akaanza kukunja nyaya. Sote tulijua hilo jicho lililobaki halina siku nyingi.

Mama akacheka kidogo, kama anajitetea. "Nilitaka kujua jambo moja tu. Kama alilia. Binti akiolewa mama yake hayupo, anamlilia nani?"

Nikahisi kile kidude kinakuwa kizito kama jiwe la kusagia.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, nifungue pindo mbele ya macho sitini. Ya pili niliijua mimi peke yangu. Deki yangu. Projekta yoyote ya kizamani ina lile tundu la njano, na diski haijali imeingizwa wapi. Yakobo angeliwaza hilo kabla ya wote, ila mimi ndiye niliyemwambia deki imekufa. Na ya Specioza haipo, kwa sababu wasomi hawanunui deki.

Kila njia ilikuwa na aibu yake. Nikachagua iliyokuwa ndogo, au niliyodhani ni ndogo.

Nilikimbia. Nikarudi na deki kifuani na nyaya shingoni kama mganga. Yakobo alinyoosha mikono anipokee, nami sikumpa. Nikajua nikimpa nitarudi kukaa na kunyamaza tena. Nikapiga magoti pale pale. Njano ndani ya njano. Nyekundu na nyeupe kwenye spika. Umeme. Taa ya deki ikawaka kijani, ile iliyokufa Jumanne. Nikaingiza diski, nikachukua rimoti ya projekta, nikabonyeza mara tatu, la kwanza siyo, la pili siyo, la tatu ndiyo.

Haikufika dakika mbili.

Hellen akatokea ukutani. Uso wake peke yake ulitoka kabati la vyombo hadi dirishani, shela, hereni, jasho la puani, kila kitu. Vigelegele vikaanza mlangoni vikaja mbele.

Mama Kashindye akainuka. Akasogea hadi ukutani, akaweka kiganja kwenye shavu la binti yake. Kivuli chake kikaingia katikati ya shela. Hakuna aliyemwambia mama kaa chini, unaziba.

"Hajalia," akasema.

Tukaangalia kanisa. Tukaangalia magari. Tukaingia ukumbini. Halafu mshereheshaji akaita wazazi, na Hellen akapelekwa mbele ya kiti kitupu ambacho wametandika kitenge cha mama yake, cha bluu chenye ndege. Akapiga magoti mbele ya kile kiti. Mabega yakaanza kutikisika.

"Haya," mama akasema. "Amelia." Akatafuta kiti chake kwa mkono, akakaa, akajifuta jicho lile lisiloona.

Nusu ya sebule ilikuwa inalia. Na mimi. Kwa dakika moja nilisahau hata nina kitu kiunoni.

* * *

Yakobo alikuwa amechuchumaa karibu yangu, anaangalia nyaya zangu jinsi zilivyokaa. Hazina kosa. Fundi anaijua kazi ya mtu aliyezoea.

"Mama Queen," akasema taratibu, mimi tu nisikie, "njano umeijua lini?"

Nikamwambia nilikuwa namwangalia anavyofanya.

"Miaka mitatu unaniangalia."

"Ndiyo."

"Na deki imefufuka lini?"

Nikainama kunyoosha waya. Akaguna. Siwezi kuwaambia kama ni guno la kucheka au la kuumia, na nimelipima usiku na mchana. Akasimama akaenda kumshika mama yake.

Nilipoinua macho nikakutana na Specioza. Alikuwa anatazama rimoti mkononi mwangu, halafu ananitazama mimi, halafu rimoti. Akaelewa. Kama nilivyoelewa mimi siku ile dirishani. Tukaangaliana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja. Yeye ndiye aliyekwepesha macho kwanza, na ningekuwa na moyo safi ningefurahi.

Diski ikaisha. Wakafungua mablanketi, jua likaingia, sote tukaonekana tulivyo, macho mekundu, vumbi magotini. Specioza akatangaza chakula kiko tayari, tupite chumba cha ndani, ndizi na samaki, na michembe ya mama itachemshwa.

Sasa niwaambie desturi ya mtaa wetu, maana ndipo nilipokwama.

Hapa kwetu mtu mwenye jambo hali. Ukiwa na kinyongo na mtu, au umemkosea, huwezi kula chakula chake. Ukila naye umesema mbele ya watu, mimi na huyu hatuna deni. Ukiondoka sufuria likiwa limeshafunuliwa, umejisema. Ugomvi mwingi hapa Nyakato umetatuliwa kwa kuangalia nani kanawa mikono na nani kakumbuka ana safari.

Na Bernadeta alikuwa ameondoka.

Nikawasikia wanawake wawili wakipanga mstari wa kunawa. Mmoja anasema umeona, hakusubiri hata chakula. Mwenzake anasema, Bernadeta akaache ndizi? Basi ndiye. Wakaitikiana kwa vichwa. Kesi ikaisha, hukumu ikatoka, na mshtakiwa yuko nyumbani kwake anaanika dagaa.

Mimi nikikaa kula nitakuwa nimemzika rafiki yangu kwa mkono wangu wa kulia. Nikikataa, wataanza kuhesabu: huyu ndiye aliyeleta mabenchi, huyu alikuwa hapa mapema, huyu na Specioza wana maneno. Fundo la kitenge linaonekana, wala halihitaji askari wa kulipekua.

Nikachomoa nyaya zangu haraka haraka, nikabeba deki, nikapita ukutani kuelekea mlango wa nje. Nilijiambia nitakirudisha kesho. Nitakidondosha uani. Nitasema Queen amekiokota. Akili ya mwizi haikosi kesho.

Nilikuwa nimebakiza hatua mbili nitoke.

"Jirani."

Mama Kashindye alikuwa amesimama kizingitini, peke yake, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Sijui alinijuaje. Labda kwa mwendo, labda kwa harufu ya samaki.

"Ninashuka ngazi hii, nishike, mwanangu," akasema.

Mikono yangu ilikuwa na deki. Nikamsogezea ubavu aushike. Akanyoosha mkono, ukapapasa kiwiko, ukashuka, ukakaa kiunoni. Juu ya fundo.

Vidole vyake vikatulia.

Halafu vikatembea. Taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Pembe ya kwanza ya kile kidude. Pembe ya pili. Kimkia. Nyuma yetu Specioza alikuwa ametoka na jagi la maji na beseni, amesimama hapo, anatusubiri tuingie. Nyuma yake, Yakobo.

Ng'ambo ya uwanja, Bernadeta alikuwa kwenye kizingiti chake, mikono mapajani, anatutazama sisi.

"Yakobo huniambia mambo," mama akasema, sauti ndogo, mkono bado uko pale pale. "Aliniambia kuna mama mmoja huku, waya wake unachomoka kila Jumamosi. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimezeeka na sina macho, lakini sijawahi kusikia waya unaojua siku ya wiki."

Nikaibana deki kifuani.

Akalibana fundo la kitenge changu kwa ngumi yake ndogo kavu, akalishika vizuri, kama mtu anayeshika kamba ya ng'ombe aliyekwisha kumnunua, au aliyemkamata shambani kwake. Akanigeuza nielekee ndani, nielekee maji, nielekee watu wote.

"Weka hiyo deki chini, ng'wanone, mwanangu," akasema, sasa kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Karibu ndani tule. Wewe na mimi, sahani moja."